Firigisi Mfukoni

Firigisi ililetwa peke yake kwenye kisahani, imekaangwa hadi ikakaza, juu yake nyanya, pilipili na maji ya ndimu. Mama Kevin aliiweka mbele ya Shivachi kwa mikono miwili, akainama kidogo, akarudi nyuma taratibu kama mtu anayetoka madhabahuni. Chumba chote cha Lusweti kule mtaa wa Kongo, Kawangware, kikanyamaza ili kimwone mgeni akila.

Kwa watu wa Magharibi ya Kenya, firigisi ya kuku si kitoweo tu. Ni neno. Anayepewa ameambiwa, wewe ndiye mkubwa hapa leo. Anayeila amejibu, nimeikubali nyumba hii na watu wake. Na Shivachi, fundi wa mawe kutoka Mashimoni, Kibera, alikuwa amekuja Kongo kwa ajili ya jibu hilo. Kevin, kijana wa Lusweti, alitaka kumwoa binti yake Phanice. Maneno mengine yangefuata baadaye. Kwanza firigisi.

Lakini mdomoni mwa Shivachi mlikuwa mkiwaka moto. Vidonda vilikuwa vimepanga safu ndani ya mdomo wa chini, vingine vimejibanza chini ya ulimi, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, vidogo kama mtama lakini vina hasira ya nyuki. Vilikuwa vimemkalia kwa muda, kimoja kikipona kingine kinachipuka. Hakumwambia mtu. Mwanamume aliyepandisha maghorofa ya watu Nairobi nzima angeanzia wapi kusema mdomo unamuuma kama mtoto anayeota meno?

"Karibu, mzee," Lusweti alisema. Alikuwa mtu mnene wa kupenda kucheka, fundi wa makochi. "Huyo jogoo alikuwa mkorofi. Hata askari wa kaunti walikuwa wanampisha njia."

Watu wakacheka. Shivachi naye akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Akaichukua firigisi, akauma. Ndimu ikaingia vidondani, naye akaona nyota mchana. Machozi yakamlengalenga.

"Pilipili imekushika, mzee?"

"Aa, wapi. Ni tamu," alisema. "Tamu sana."

Lusweti alipogeuka kuchukua birika la maji ya kunawa, Shivachi akatoa kitambaa kana kwamba anajifuta jasho, akaitema firigisi humo, akaisukuma yote mfukoni mwa shati. Lilikuwa shati jeupe, la mwisho kununuliwa na marehemu mke wake, Sella. Alijiona mjanja. Lakini mafuta hayajui kutunza siri. Yalipita kitambaa, yakapita mfuko, yakaweka doa la manjano kifuani, na kila alipovuta pumzi doa likapanuka.

Mama Kevin aliliona. Aliangalia kisahani kitupu, akaangalia kifua cha mgeni, akarudi kuangalia kisahani.

"Umeshamaliza, mzee?"

"Nimemaliza, mama. Mungu awabariki."

"Umekula haraka," alisema, akaondoa kisahani.

*

Walirudi Kibera kwa miguu, baba na binti. Phanice alikuwa mbele, hatua za hasira, viatu vyake vya kwenda kanisani mkononi. Alipofika kando ya Barabara ya Ngong alisimama akamngoja.

"Baba, toa."

"Nitoe nini?"

"Hiyo kitu iko kwa mfuko. Inakudondokea mafuta mpaka kwa mshipi."

Shivachi akatoa kitambaa kama mtoto wa shule aliyeshikwa na maembe ya jirani. Firigisi ilikuwa mle, imeumwa mara moja tu.

"Kama Kevin hafai si ungesema?" Phanice alisema. "Ungeniambia nyumbani. Sio kutukana watu ndani ya nyumba yao, tena kwa mfuko."

"Sijatukana mtu."

"Mamake amekuona! Unajua vile alikuwa ananiangalia wakati naosha vyombo?"

"Mdomo una vidonda," Shivachi alisema, sauti imeshuka.

"Vidonda gani? Tangu lini?"

"Vidogo tu."

"Fungua."

"Mimi si ng'ombe wa mnada, Phanice."

"Baba, fungua mdomo."

Akafungua. Pale pale, magari ya wakubwa yakipita, binti yake aliushika mdomo wake wa chini kwa kidole akaukunjua. Hasira yote ikamtoka usoni. Hakusema pole; ukoo wao si watu wa pole nyingi. Aliichukua firigisi kutoka kwenye kitambaa, akaipangusa, akaitia mdomoni.

"Wanawake hawali hiyo," Shivachi alisema kwa mshtuko.

"Na wanaume leo wameikataa," Phanice alijibu huku akitafuna. "Nitupe? Jogoo wa watu?"

Akatafuna mpaka ikaisha, macho yake kwa baba yake, kisha akaendelea kutembea.

Kesho yake Kevin alipiga simu. Phanice aliweka sauti juu ili baba yake asikie mwenyewe, asije akasema ameongezewa maneno.

"Phanice, huku si kupoa, watu wamekasirika," Kevin alisema. "Mathe anasema mzee wako ama anatudharau, ama ako na ile ugonjwa na anaficha. Buda wangu amesema mwisho wa mwezi tutakuja huko kwenu vile tulipanga. Lakini mzee asipokula na sisi, basi. Hayo maneno yaishe. Mimi nimejaribu kuongea, sijui."

Simu ikakatika. Shivachi alikuwa akinoa mwiko wake wa ujenzi kwenye jiwe la mlangoni. Aliunoa kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Wameniita mgonjwa," alisema.

"Wamekuita mtu ambaye hakukula," Phanice alisema. "Kesho tunaenda dispensari."

*

Dispensari waliyokwenda ilikuwa na jiwe la ufunguzi lenye jina la mkubwa aliyeifungua, herufi za dhahabu. Ndani mlikuwa na benchi, foleni, na kabati la dawa lenye vumbi. Shivachi alilisoma lile jiwe tangu mwanzo hadi mwisho kila foleni iliposimama, na kila alipolimaliza alilichukia upya. Alikuwa na haki. Sella alikufa akingojea kitanda katika hospitali yenye jiwe kama hilo, la mkubwa mwingine. Walisema mashine imeharibika. Walisema daktari yuko kwenye mkutano. Waliokuwa wakisema hivyo walikwenda nyumbani jioni wakala chakula chao. Tangu siku ile Shivachi aliapa mbele ya Phanice kwamba hakuna kitu cha mwanasiasa kitakachoingia nyumbani mwake. Phanice aliporudi na leso yenye picha ya mheshimiwa, alimrudisha nayo hadi kwa aliyempa, majirani wakitazama. Sukari ya mheshimiwa aliimwaga mtaroni. Mashimoni walimwita Mzee Msimamo, wengine kwa heshima, wengine kwa kicheko, naye aliyapokea yote mawili kama sifa.

Nesi Wayua alimsikiliza Phanice akieleza ya wakwe, kisha akampima Shivachi. Alimtoboa kidole, akangoja, akamwonyesha.

"Huna virusi, mzee. Na hata ungekuwa navyo si aibu, kuna dawa na watu wanaishi. Chukua karatasi hii ukipenda, uwaonyeshe hao wakwe."

"Sitaoza binti kwa karatasi ya hospitali," Shivachi alisema. Akaisukuma karatasi nyuma mezani. "Wao hawajanionyesha ya kwao."

Phanice akafumba macho. Wayua akatabasamu kidogo, akachukua tochi, akakagua vidonda kimoja kimoja.

"Hivi wakati mwingine vinaletwa na kitu unachokula au unachotia mdomoni. Watu hatufanani. Huyu anachomwa na nanasi, yule na njugu, mwingine nyanya, pilipili, ndimu, kahawa. Dawa ya kupaka imeisha, hawajatuletea. Lakini fanyeni hivi. Acheni kitu kimoja, muone. Kisipoleta nafuu, kirudisheni, muache kingine. Msiache vyote pamoja, hamtajua mwizi ni yupi. Visipopona, mrudi hapa, msikae navyo." Akazima tochi. "Na dawa ya meno? Umebadilisha? Kuna zile zenye povu jingi, zinawasumbua wengine."

Swali likaanguka katikati ya chumba.

"Sisi hatutumii," Phanice akajibu haraka. "Sisi ni chumvi tu, tangu mama akiwa hai."

Wayua akamwangalia Shivachi. "Kweli, mzee?"

"Chumvi tu," Shivachi alisema.

Na huo ulikuwa uongo. Kwenye dari ya nyumba yake, kati ya bati na mbao, kulikuwa na tyubu ya dawa ya meno yenye uso wa mheshimiwa umebandikwa, anacheka meno yote nje. Shivachi aliipata siku pikap ya kampeni ilipopita Sarang'ombe, hapo hapo Kibera, ikirusha mifuko kwa watu. Alikuwa anatoka kazini, hakuwa anashangilia. Mfuko mmoja ukaanguka kwenye miguu yake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Unga aliuacha kwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, sabuni vilevile. Tyubu aliiweka ndani ya koti. Chumvi ilikuwa imemchosha, Sella hakuwepo tena kuisaga, na yeye alitaka mara moja maishani mdomo wake unuke kama wa watu anaowajengea nyumba.

Hakudhani hata kidogo kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla. Alichoogopa ni aibu. Mzee Msimamo anasugua meno na mheshimiwa!

*

Vita vya vyakula vikaanza. Phanice alianza na pilipili. Hakuna nafuu. Akairudisha, akaondoa njugu alizokuwa akimtilia baba yake kwenye mboga. Wapi. Akarudisha njugu, akaondoa machungwa. Shivachi akala mboga ya mrenda na ugali, kwa sababu mrenda huteleza wenyewe wala haugombani na mtu, akala mpaka akaanza kuuota. Na kila asubuhi Phanice alipokwenda kazini saluni kusuka watu nywele, Shivachi alipanda juu ya ndoo, akaitoa tyubu darini, akasugua. Kadiri vidonda vilivyouma ndivyo alivyosugua zaidi, akiamini anavisafisha. Povu likajaa hadi kidevuni. Likamchoma, naye akasema moyoni, ndivyo dawa inavyofanya kazi.

Halafu ikafika zamu ya nyanya, na hapo ndipo maneno yalipotoka nje ya nyumba.

Adhis, jirani yao, mjane wa Kijaluo mwenye sauti ya kuita watu hadi ng'ambo ya reli, alikuwa na kibanda cha mboga mlangoni mwa ploti yao ya vyumba vya kupanga. Tangu Sella akiwa hai, nyanya za nyumba ile zilitoka kwake.

"Phanice! Leo umepita bila nyanya. Jana pia."

"Tumeacha kidogo, Mama. Zinaumiza baba mdomo."

Adhis akasimama, mikono kiunoni. "Nyanya zangu?"

"Sio zako. Nyanya tu."

"Na kuna nyanya zingine mnakula hapa Mashimoni kama sio zangu? Sella amekula nyanya zangu mpaka Mungu akamchukua, sikusikia akilia mdomo! Wewe Shivachi! Toka hapa nje! Nyanya zangu zimekukosea nini?"

Shivachi akatoka mlangoni. Wateja walikuwa pale, wanaangalia. Hakuweza kufungua mdomo vizuri kujibu, maneno yakatoka yamevimba.

"Haya, ona," Adhis alisema, sauti imeshuka, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Kwani unaumwa nini, jaduong', mzee wangu?"

Jioni ile ploti nzima ilijua kwamba Mzee Msimamo ana kitu mdomoni. Wateja wawili watatu wakaanza kuzichagua nyanya za Adhis kwa kuzigeuza-geuza. Adhis akaacha kumsalimu.

*

Kazi ilimwokoa. Aliitwa kwenye mjengo upande wa Kawangware, ghorofa la mtu mkubwa ambaye hakuna fundi aliyewahi kumwona, na mafundi walilala pale pale ili simiti isiibwe. Shivachi alifunga mwiko wake na blanketi akaondoka. Tyubu ilibaki darini. Asingeweza kuichomoa mbele ya wanaume ambao yeye mwenyewe alikuwa akiwahubiria juu ya wizi wa waheshimiwa.

Pale mjengo hapakuwa na Phanice wala mrenda. Mama wa chakula alipika sufuria moja, maharagwe yamezama kwenye nyanya, pilipili inaelea juu, na asiyetaka alale njaa. Shivachi alikula siku ya kwanza akilia waziwazi. Vijana wakamcheka: "Fundi amekumbuka nyumbani!" Akala tena. Mchana wenye mahindi na njugu, akala. Kijana mmoja alipoleta nanasi, Shivachi akasema liwalo na liwe, akala nanasi. Mdomo aliusukutua kwa maji ya bomba tu.

Na vidonda vikaanza kufa. Alikuwa juu ya jukwaa, anapanga mawe, akapiga mluzi bila kufikiri. Akaacha. Akapitisha ulimi ndani ya mdomo wa chini, chini ya ulimi, kwenye fizi. Laini kote.

"Fundi, vipi? Umeona mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba haji hapa," Shivachi alisema. "Pitisha mawe."

Alirudi Mashimoni akitembea kama bwana harusi. Siku ile ile, kwa furaha, Phanice akiwa kazini, akapanda ndoo, akaitoa tyubu, akasugua meno kwa ajili ya kanisa la kesho. Akasugua tena asubuhi, na keshokutwa yake. Halafu moto ukarudi pale pale ulipokuwa, kwenye mdomo wa chini, kama mpangaji aliyekwenda mashambani akarudi na funguo zake.

Shivachi akaketi juu ya ndoo, tyubu mkononi. Nyanya alikuwa amekula, akapona. Pilipili, njugu, nanasi, vyote amekula, akapona. Nyumbani alikuwa amekula mrenda kama sungura, na bado akaungua. Kitu kimoja tu hakikwenda mjengo. Akamwangalia mheshimiwa. Mheshimiwa akaendelea kucheka.

"Kumbe ni wewe," Shivachi alisema.

Hakuitupa. Aliirudisha darini, akaifunga kwa waya, kama mtu anayefunga mwizi akingojea mashahidi.

*

Phanice alipoambiwa arudishe nyanya alikataa.

"Nesi alisema twende polepole, baba. Wakwe wanakuja Jumapili. Kuku nitachemsha na chumvi."

"Nyanya hazina makosa."

"Umejuaje?"

"Nimejua."

"Umejuaje, baba?"

Jumapili asubuhi, mdomo wake ukiwa umepoa tena tangu aiache tyubu, Shivachi alivaa shati jeupe. Doa lilikuwa limefifia lakini halikutoka. Akatoka mlangoni, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Adhis, watu wakiwepo.

"Nipe nyanya," alisema kwa sauti ya mahubiri. "Nyingi. Na pilipili."

Adhis akaendelea kupanga sukuma wiki. "Si zinaua watu?"

"Nilizisingizia. Nyanya zako hazijawahi kunikosea, mimi na Sella. Nasema hivi mbele ya hawa wote, na jioni uje ule na wageni wangu."

Adhis akaweka sukuma wiki chini. Kisha akamchagulia zile nyekundu za chini ya gunia, ambazo hawapewi wateja, na akaongeza moja.

Wakwe walifika jua likianza kupoa, Lusweti mbele kwa suti, Mama Kevin na kilemba kipya, Kevin nyuma akitokwa jasho. "Mulembe, mulembe," wakasalimiana. Lusweti hakucheka kama alivyocheka siku ile. Alisema maneno machache na mdomo nusu umefungwa, na Shivachi akadhani ni hasira. Kisha Lusweti akatoa mfuko wa zawadi. Ulikuwa na uso wa mheshimiwa, meno nje.

"Mheshimiwa alipita Kongo," Mama Kevin alieleza. "Sukari, unga na dawa ya meno. Sisi yetu tumeshafungua. Mzee hapa anaipenda hiyo ya meno, asubuhi na jioni, povu mpaka kwa masikio."

Phanice akashika pumzi. Alikuwa akiikumbuka sukari mtaroni. Shivachi aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akauweka chini ya meza, akasema asante.

Chakula kikaletwa. Kuku amezama kwenye nyanya, kachumbari kando, pilipili imejaa kisahani. Mama Kevin hakuondoa macho yake kwenye mdomo wa Shivachi. Naye akala. Akavunja paja, akachovya kwenye pilipili, akatafuna pande zote mbili, akanyonya mfupa mpaka ukapiga mluzi. Kevin akaanza kutabasamu. Adhis, aliyekaa karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kutosha, "Hizo ni nyanya zangu."

Kisha Shivachi akachukua kisahani chenye firigisi, akainuka, akakiweka mbele ya Lusweti.

"Mzee mwenzangu. Ya kwako."

Lusweti akaitazama. Akaichukua, akaigusa kwa meno ya mbele, akairudisha. Akanywa maji. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Tamu," alisema. "Tamu sana." Na mkono wake wa kushoto ukaanza kwenda mfukoni, polepole, kutafuta kitambaa.

Mama Kevin akainamisha kichwa, maana alishaelewa mkono unakwenda wapi. Phanice naye akaelewa, akamgeukia baba yake, na machoni mwake kulikuwa na ombi asimwaibishe mgeni. Shivachi angeweza kukaa kimya tu. Angeiacha ile firigisi iingie kwenye suti, mafuta yapite, doa lipanuke, kisha aseme, umekula haraka, mzee. Alionja utamu wa jambo hilo. Kisha akauona ule mkono, mkono wa fundi mwenzake, umejaa alama za sindano za makochi.

"Usitie mfukoni," alisema. "Hayo mafuta nayajua. Hayafichiki."

Lusweti akaurudisha mkono mezani.

Shivachi akasimama juu ya ndoo, mbele ya wageni, akaingiza mkono darini, akafungua waya. Akaishusha tyubu iliyominywa hadi nusu, akaiweka mezani karibu na kuku. Mheshimiwa akawachekea wote.

"Baba!" Phanice alisema. "Hiyo ni nini?"

"Ni yangu. Niliiokota Sarang'ombe, nikaificha. Sukari niliimwaga, leso nilikurudisha nayo, hii nikaibakiza." Alisema kichwa juu, kama mtu anayetoa ushahidi, si kama anayeomba msamaha. "Mdomo uliponiuma nikadhani ni nyanya, ni pilipili, ni kila kitu kilichopikwa na mikono ya watu wetu. Nimekwenda mjengo nikala vyote hivyo, nikapona. Nimerudi kwa huyu, nikaungua. Nesi aliniuliza, nikamdanganya kwa sababu ya kiburi. Wametunyima dawa kwenye dispensari, wakatuletea povu. Nami nikalipokea! Sijui kama litamchoma kila mtu. Nesi anasema hatufanani. Mimi limenichoma. Wewe je, mzee?"

Lusweti akashika mdomo wake wa chini kwa vidole viwili, akaukunjua nje. Vilikuwepo, vyeupe katikati, vyekundu pembeni, vimepanga safu.

"Na kumbe ndiyo maana alikuwa ananipigia kelele nisiweke pilipili!" Mama Kevin alisema. "Mwezi mzima! Mpaka nikadhani umepata mpishi mwingine!"

Adhis ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha ng'ambo ya reli, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia, Lusweti akicheka huku ameushika mdomo, "Msinichekeshe, msinichekeshe, inauma." Phanice peke yake hakucheka. Alikuwa akimwangalia baba yake aliyesimama pale kwa shati lake lenye doa, wala hakulifunika.

"Basi tumelingana," Lusweti alisema alipopata pumzi. "Firigisi yangu hukuila, yako sijaila. Tutasema nini kwa watu?"

"Yako haikutupwa," Shivachi alisema. "Ililiwa siku ile ile, kando ya Barabara ya Ngong, ikaisha. Aliyekula ni huyu." Akamwonyesha Phanice. "Mwenyewe anayekuja kukaa kwenu. Mnataka jibu gani lingine?"

Mama Kevin akainua uso, akamtazama Phanice vizuri, kama mtu anayemwona mara ya kwanza.

"Wewe? Ulikula firigisi?"

"Nilikula, mama," Phanice alisema, bila kuinamisha macho.

Shivachi akachukua kisu, akaikata firigisi iliyokuwa mbele ya Lusweti. Nusu moja akaitia mdomoni mwake na pilipili yake yote, akaitafuna hadi ikasikika mlangoni kwa Adhis. Nusu ya pili ikabaki kwenye kisahani. Wanaume wakaangaliana, mwenye haki nayo alikuwa ameushika mdomo.

Mama Kevin akanyoosha mkono. Hakumwomba mtu ruhusa. Akaichukua, akaichovya kwenye nyanya, akaitafuna taratibu, macho juu kwenye bati, na nyumba nzima ikimngoja.

"Ni hii tu?" alisema. "Miaka yote hiyo mlikuwa mnatunyima hii? Mbona ni ngumu hivi."

Akameza, akanyoosha kidole kwa Phanice. "Mama, niongezee ugali."